Mbolea ya Baba Mdogo

Shikamoo, Baba. Najua hutaitikia, lakini sijalelewa kumgombeza mtu kabla ya kumwamkia.

Miti yako imekufa. Minane kati ya tisa. Nimekaa miezi mitatu nikitafuta namna ya kuilainisha habari hii, sijaipata, kwa hiyo ipokee ilivyo. Na aliyeiua ni mdogo wako, Baba mdogo wa Sengerema, siku ya pili ya msiba wako, huku machozi yakimtoka.

Habari za kifo chako zilimkuta mjini, ndiyo kwanza amenunua nusu mfuko wa mbolea ya mahindi yake. Akaja nayo Buswelu moja kwa moja, begani. Unajua mbolea ilivyo adimu tangu ruzuku iondolewe. Sasa, alipokwenda chooni akaiona miti. Mikuyu isiyozidi urefu wa mkono, majani madogo, mizizi nje, matawi yamefungwa waya, imekaa kwenye vitako vya mitungi iliyovunjika. Akadhani ugonjwa ulikuzuia kuitunza. Akanifuata jikoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, miti ya kaka ina njaa. Nimeilisha." Konzi nzima kwa kila chombo. Halafu akaniomba radhi: "Mmoja umekosa, mbolea imeniishia. Nitauletea wake."

Nilimwambia asante. Baba, nilijua! Ulinifundisha mwenyewe kwamba vyombo vile havistahimili hata nusu kijiko. Nilijua na dawa yake, kuuosha udongo kwa maji mengi siku hiyohiyo. Lakini maji yaliyokuwepo yalikuwa ya kuwapikia waombolezaji, nikasema baadaye. Tuliporudi kutoka kukuzika, kingo za majani zilikuwa zimeungua. Kufika Jumapili yote yalikuwa chini. Nilikwangua magome kwa ukucha nikitafuta kijani, mti mmoja baada ya mwingine, na kote nilikuta kahawia. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, na watu wakaniona mwana mwema.

Uliopona ni ule tulioutoa kwenye ufa wa jiwe. Unakumbuka? Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, udongo umelainika, tukakwea mawe mimi na wewe na patasi moja. Ulichukua asubuhi nzima kuutoa, ukinikataza nisiuvute. "Haraka ni yako, mti hauna." Yule Mjapani aliyekuja kufunga mashine kiwandani kwenu, aliyekufundisha hii kazi ya bonsai, ya kulea mti mkubwa ubaki mdogo chomboni, alikuachia mkasi tu. Vingine ulivibuni. Waya uliufumua kwenye mota zilizoungua ulizokuwa ukizisuka upya. Kila kiangazi ulifunga matawi, kila masika ulipunguza mizizi, na mimi nikashika taa, nikashika kamba, nikashika ulimi wangu.

Maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Si kwa Baba mdogo.

Huyu mtu aliacha shule darasa la nne akachunge ng'ombe ili wewe usome ufundi. Kiwanda kilipouzwa ukapunguzwa kazi, ulimwambia umestaafu. Ukaona aibu akukute mchana kweupe unapogoa miti isiyozaa tunda wala kuni. Kila alipovuka ziwa kuja kutusalimu ulinituma nikaifiche nyuma ya choo, na akiondoka nairudisha barazani. Hata ulipozidiwa, nilipoinama nisikie neno lako la mwisho, nikitegemea baraka, ulisema, "Hamisha miti. Mdogo wangu atakuja."

Nikahamisha. Msibani, Baba, nyuma ya choo ndiko kila mtu anakopita. Ungeiacha barazani angeuliza, nami ningemjibu. Pale alikuta vitu vilivyotupwa, akavionea huruma. Alikupa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo siku ile, na mahindi yake msimu huu, nasikia, ni ya manjano na mafupi.

Hajui. Nilimwandikia kwamba miti imekauka kwa majonzi, ya kumfuata mwenye nyumba. Uongo mzuri, nimeurithi. Lakini juzi ameleta barua: Jumamosi anavuka, analeta haki ya ule mmoja uliokosa.

Nimeshaukata waya wa mti huo kipande kipande kwa koleo, kama ulivyonionyesha, nisichubue gome. Jumamosi nitauweka mti mezani sebuleni, peke yake, kwenye kitambaa cheupe cha mama, mahali ambapo hujawahi kuuweka mgeni akiwepo. Nitamkalisha mbele yake. Nitamweleza habari za kiwanda, za choo, na za ile minane. Nimejaribu maneno hayo mbele ya kioo na mengi yanatoka. Yanayonishinda ni haya: nitamwambiaje mtu aliyelala njaa kwa ajili yako kwamba mti huu uliunyima chakula miaka yote kwa makusudi, na kwamba huko ndiko kulikuwa kuupenda?

Ningekuuliza wewe. Lakini wewe ungenituma nikauhamishe.

Kwaheri, Baba. Pumzika, kama unaweza. Nakuahidi hatatoka sebuleni kwangu kabla sijamaliza, hata akilia. Na akisema bado anataka kuulisha, nitamshika mkono, nimwonyeshe kiasi.

Mwanao.