Ubeti wa Elias

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nimelisoma! Baada ya misa ya marehemu wote, mbele ya jumuiya nzima. Shairi langu la vita ya kwetu Kongo — kila mtu wa mtaa wetu aliyeuawa ana ubeti wake. Mama. Majirani. Fundi baiskeli. Wa mwisho ni mdogo wangu Elias. Yeye sikumwona akifa. Nilimwona akirudi ndani tu, kisha nyumba ikawaka.

Mama Sabina, mwenyekiti wetu, alinikumbatia akasema hao sasa ni marehemu wa hapa Igoma pia. Miaka yote hii nimeshona nguo za watu hapa nikijiona mgeni. Asante Mungu kwa mama huyu.

Jumatatu, 4 Novemba

Kumbe Mama Sabina alinirekodi! Karusha kwenye grupu la WhatsApp la parokia, nako wakalirusha mbele. Leo mteja kaniambia shemeji yake amelisikia huko Geita. Nimeona aibu. Halafu nimefurahi, nisidanganye.

Jumatano, 6 Novemba

Namba ngeni. Mwanamume. Yuko Sengerema, anafyatua matofali. Amelisikiliza shairi mpaka bando likaisha. Akasema: "Ubeti wa mwisho ni mimi, yaya."

Yaya! Ndivyo tulivyowaita dada zetu kwetu. Hapa Mwanza hakuna anayeniita hivyo.

Nilikata simu. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona mkono wa kulia wa gauni kushoto. Mama Sabina anasema matapeli wamejaa, nimuulize jambo lisilomo kwenye shairi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia. Kabla sijauliza lolote, akaanza kunikosoa!

"Yaya, mbona umeweka rozari? Mimi nilirudia redio ya baba."

Nilikaa sakafuni. Ni kweli. Redio! Nilimpigia kelele aiache. Ila nilipokuwa natunga niliona redio haimfai mtoto aliyekufa, nikampa rozari ya mama. *Elias mdogo wetu, alirudia rozari* — mizani ilikaa vizuri mno. Nami najiita shahidi!

Alitokea dirisha la nyuma, anasema. Alinitafuta upande mmoja, mimi nikakimbilia mwingine. Redio ilimponyoka mtoni. Hapo akacheka, kicheko kile kile cha baba, nami nikalia hadi jirani akagonga ukuta.

Sijawahi kushukuru hivi kwa kukosea.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa gatini. Feri ya kutoka Kamanga, upande wa Sengerema, inaonekana; Elias yumo. Mama Sabina amekuja na chapati na wanawake wa jumuiya, wote kwenye kitenge cha sare, utadhani tunapokea bwana harusi. Nimewaomba wasipige vigelegele, atashtuka. Wapi!

Ubeti wake nimeukata. Tangu alfajiri najaribu kuuandika upya, unagoma. Wafu nimezoea kuwatungia. Huyu aliye hai sijui namwanzaje.

Mlango wa feri umeshuka. Wanawake wa dagaa kwanza. Pikipiki. Sasa kuna ng'ombe amekataa katakata kutoka, watu wote wamekwama nyuma yake, mwenyewe anamsukuma kwa bega. Nakagua nyuso moja moja. Simwoni. Mama Sabina ananivuta kanga — yule pale si anakupungia? Yupi? Yule mrefu, mwenye mvi kidogo.

Mvi! Kumbe muda wote huu nilikuwa namtafuta mtoto.