King'ora Ambacho Hakuna Aliyekizima

MAELEZO YA SHAHIDI WA TATU

Jina: limefungwa kwenye bahasha ya faili, kazini huitwa Dada Mkaguzi
Umri: miaka 34
Kazi: mwandishi wa programu, kampuni ya vifaa vya kuchunga baridi
Makazi: ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani
Tarehe: 21 Machi, saa 4:15 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba hilo ndilo ninalolitaka, ila aanze na wengine.

Kampuni yetu hutengeneza kifaa kinachofungwa kwenye jokofu la chanjo. Baridi ikipungua, kifaa kinapaswa kupiga king'ora na kutuma ujumbe kwa simu ya fundi wa ghala. Ndani ya programu yake kuna machaguo, yaani swichi zenye majina. Chaguo likiwashwa, kipande chake cha programu kinaingia kwenye kifaa. Lisipowashwa, kinaachwa nje. Kila chaguo lazima litangazwe kwenye faili moja la mipangilio. Programu ikiuliza chaguo ambalo halimo kwenye faili hilo, kompyuta hailalamiki. Inakiruka kipande hicho kimyakimya na kuendelea na safari. Machaguo ya namna hiyo sisi tunayaita yatima.

Tulikuwa na skripti, yaani programu fupi, ya kuwatafuta yatima. Ilichukua dakika 52, kwa sababu kwa kila jina ilisoma mafaili yote upya tangu la kwanza, na majina yako zaidi ya mia tisa. Watu walichoka kusubiri. Ndipo mkuu wangu wa kitengo akaanzisha utaratibu wake: mtu akiwa na haraka, aandike tu neno "imekaguliwa" kwenye mabadiliko yake, mfumo umpitishe. Mkuu huyo tunamwita Wiki Ijayo. Afande amesema majina ya utani hayaandikwi. Nimemwomba aliandike, maana mwenyewe analijua na huwa analichekea.

Mnamo tarehe 4 Machi nilianza kuiandika upya skripti ile. Sikufanya maajabu. Niliifanya isome mafaili mara moja tu, ikusanye majina yanayoulizwa upande mmoja na yaliyotangazwa upande wa pili, halafu ilinganishe. Tarehe 7 Machi, saa 5:10 asubuhi, niliiendesha. Ilimaliza kwa sekunde tisa, nikadhani imeharibika. Ilitoa yatima 41. Nilifungua mmoja mmoja. Wengi walikuwa mabaki ya kazi za zamani, hawamdhuru mtu. Wa kumi na saba alikuwa chaguo la king'ora na ujumbe wa simu.

Nilitazama historia ya faili. Chaguo hilo lilifutwa mwezi Novemba, siku mkuu alipokuwa anafanya usafi wa mipangilio. Alifuta tangazo, akasahau programu inayoliuliza. Chini yake ameandika kwa mkono wake: imekaguliwa. Maana yake vifaa vyote tulivyopeleka tangu Novemba havina king'ora. Kila kifaa kina kitufe cha kujaribia, na ukikibonyeza kinalia, lakini kitufe hicho kimeungwa moja kwa moja na spika. Fundi wa ghala alikibonyeza kila Ijumaa na kutia saini. Mzee wa watu alitimiza wajibu wake, akadanganywa na kitufe chetu.

Saa 5:40 nilimpelekea mkuu karatasi. Aliisoma amesimama.

"Sekunde tisa! Hongera, mdogo wangu."

"Namba kumi na saba, bosi. King'ora hakimo."

"Mbona hakuna aliyelalamika? Tutaliona wiki ijayo."

"Hili si la wiki ijayo."

"Ukimtajia mteja utatuchafulia mkataba. Usinitafutie balaa."

Karatasi aliiweka chini ya kikombe chake. Saa 8:05 mchana nilimwandikia barua pepe yenye maneno yaleyale. Hakujibu. Nami, nasema wazi, sikumpigia Fundi. Namba yake ninayo.

Jumamosi tarehe 16 Machi, saa 7 mchana, umeme ulikatika ghalani na jenereta haikuwaka. Fundi alikuwa kwake, simu mkononi, hakupata ujumbe wowote. Jumatatu saa 1:30 asubuhi alifungua jokofu akakuta joto. Makasha 212 ya chanjo za watoto yameharibika. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu kutoa taarifa.

Siku hiyohiyo, saa 4 asubuhi, nilikuwa ofisini kwa meneja wa ghala pamoja na mkuu wangu na askari wawili. Mkuu alisema, macho makavu: "Kifaa chetu hakina kasoro. Huyu mzee amekizima asisumbuliwe." Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza. Fundi alinitazama mimi, si yeye. Halafu wakamfunga pingu mbele ya vibarua wake wote wa ghala.

Tarehe 19 mke wa Fundi alikuja ofisini kwetu. Mapokezi walimzungusha, nikatoka naye nje kwenye ngazi. Akaniambia, "Mwanangu, miaka thelathini na moja namjua, hajawahi kuacha hata taa ikiwaka. Nionyeshe hicho kitufe alichokizima, nikamuulize kwa nini."

Hakipo. Kifaa hakina kitufe cha kuzima. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kwa nini basi mumewe amelala sakafuni siku ya pili.

Jana saa 9 alasiri mkuu aliniita, akafunga mlango. Alitaka nilirudishe tangazo la chaguo na kuandika tarehe ya Februari, ionekane lilikuwapo kabla ya umeme kukatika. Akaniita mwenzake, akaniahidi cheo. Nilichukua kompyuta nikaondoka.

Nimeleta historia ya faili, barua pepe yangu na skripti. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, pamoja na nilichokosa kufanya tarehe 18 nilipokanyagwa mguu. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, yamekamilika saa 6:50 mchana. Wakati wa kuandika, mlalamikaji, yaani mkuu wa kitengo wa shahidi, amepiga simu mapokezi mara tatu kuuliza kama mtuhumiwa amekiri. Alipopiga mara ya nne nimeipokea mwenyewe na kumtaka afike kituoni leo. Nimemwandikia mkuu wa kituo kuomba mtuhumiwa aachiwe. Nimemweleza shahidi kwamba yuko huru kwenda. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, kando ya mke wa Fundi, na amesema hatoki peke yake.