Ati Digrii ya Chakula

Kitale,
10 Machi 1991

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko mahindi ya Kitale nzima. Mnaendeleaje hapo Bumula? Mguu wa Mama umepoa? Mimi na shangazi Lenah hatujambo, ila yeye anasema nimenenepa tangu nipate kibarua jikoni mwa hospitali. Si kweli, ni sweta.

Baba, keti kwanza. Nimeitwa chuo kikuu! Barua ilifika Ijumaa, nikaisoma nimesimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanitusi. Nitasomea Sayansi ya Lishe, miaka minne, Nairobi. Ni masomo ya chakula na mwili: mtoto ale nini akue, mgonjwa ale nini apone.

Najua serikali imesema sasa wanafunzi walipe karo, na mkopo hautatosha kila kitu. Ndiyo maana nakuuliza kabla sijawajibu. Naomba baraka yako.

Binti yako,
Peris

*

Bumula,
24 Machi 1991

Mwanangu Peris,

Salamu zimefika zote, na sisi tu wazima. Mguu wa mama yako umepoa kabisa. Jana alimfukuza jogoo wa jirani yetu Wekoye mpaka kwao.

Niliposoma barua yako mama yako alipiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani tuna harusi. Nikatoka nje nikitembea kama chifu. Wekoye akaniuliza, "Atasomea nini?" Nikasema chakula. Bana, walicheka! "Ati digrii ya chakula! Jairus, unapeleka msichana Nairobi akafundishwe kusonga ugali?"

Nilicheka nao, lakini sikulala nalo vizuri hilo neno. Sasa nakuuliza kama baba. Kijana wa Wekoye alisomea ualimu, na siku alipomaliza serikali ikampa shule. Ana mshahara, ana nyumba ya bati. Wewe, nani atakuandika? Nikipata pesa ya kukupeleka, ni kwa kuuza ng'ombe wangu wawili wa kulima, na nikiwauza mimi na mama yako tutarudi kwa jembe la mkono. Sikatai kuuza. Nakataa kuuza bila kujua nanunua nini.

Nasikia mtu anaweza kuomba abadilishiwe kozi. Badilisha, uwe mwalimu.

Mimi baba yako,
Jairus Wepukhulu

*

Kitale,
2 Aprili 1991

Baba mpendwa,

Natumai mmeamka salama na mvua imewafikia. Hapa imenyesha mpaka viatu vyangu vimefungua midomo.

Swali lako ni la haki, nami sitakudanganya. Mwalimu ana uhakika wa kazi kuliko mimi. Afisa wa lishe hapa hospitalini ni mmoja tu, Madam Jepkoech, na nafasi kama yake hazitangazwi kila mwaka. Nilimuuliza mshahara wake. Alicheka, kisha akaniambia: unalingana na wa mwalimu mwenye digrii, haupiti.

Lakini wacha nikueleze jambo moja. Mwezi uliopita aliletwa mtoto wa mama anayeitwa Jerono, kutoka upande wa mlima. Miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hataki hata kulia. Mimi nilidhani ni njaa. Baba, kwao ghala limejaa mahindi! Maziwa wanauza yote, maharagwe wanauza, mtoto anapewa uji mtupu asubuhi na jioni. Madam Jepkoech hakumpa dawa kubwa. Alinionyesha kumpikia kidogo kidogo, maziwa, mafuta, baadaye maharagwe yaliyopondwa na yai. Siku mtoto aliponinyang'anya kijiko, nilitoka nje nikalia kwa furaha. Sijawahi kutaka kujua kitu kama nilivyotaka kujua hicho.

Mwisho wa kubadilisha kozi ni tarehe thelathini na moja Mei. Nitafanya utakalosema.

Binti yako,
Peris

*

Kitale,
12 Mei 1991

Baba,

Ni matumaini yangu hamna mgonjwa hapo nyumbani, maana kimya chako kimekuwa kirefu. Shangazi anasema labda barua imepotea. Mimi naona labda umekasirika.

Kama ni hapana, niandikie hapana. Nitakwenda kuwa mwalimu na sitakuwekea kinyongo.

Binti yako,
Peris

*

Mabanga,
17 Mei 1991

Mwanangu Peris,

Usishangae kuona Mabanga hapo juu. Mimi ni mzima, na nimeshiba.

Baada ya barua yako nilizunguka nikiuliza watu. Niliuliza mchungaji, nikauliza karani wa soko, kila mtu ananiambia habari ya kupika. Nikasema si kuna wataalamu hapa Mabanga wanaofundisha wakulima? Nikapanda baiskeli. Nikamkuta mwalimu, mama mmoja mkali, akianza kozi ya vikundi vya akina mama juu ya lishe ya nyumbani. Nikamuuliza, "Madam, haya mambo ya chakula ni kazi ya digrii kweli?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, jibu lake linachukua wiki moja. Keti pale."

Nimekaa, Peris. Wanawake tupu, na mimi. Siku ya kwanza walinicheka. Siku ya pili nikaunguza kunde, wakacheka zaidi. Leo uji wangu wa karanga ndio umesifiwa, na mama wa kikundi cha Lwakhakha ameomba nimwelekeze!

Nimejifunza kitu kimeniuma. Ng'ombe anayenyonyesha tunamkatia nyasi bora kuliko wote. Lakini nyumbani kwetu sisi, mama anayenyonyesha ndiye anakula mwisho, kilichobaki. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Nikamuuliza mwalimu kuhusu kazi. Akasema, "Kazi ni chache, mzee. Watoto wenye shida ndio si wachache." Nimependa kwamba hakunipaka mafuta.

Usibadilishe chochote. Nitauza ng'ombe Jumatatu. Mama yako anasema alilima kwa mkono kabla hajaniona mimi, na mikono bado iko.

Mimi baba yako,
Jairus

*

Kitale,
3 Novemba 1996

Baba na Mama wapendwa,

Salamu kutoka kwa shangazi Lenah, ambaye bado ananilisha na hajanifukuza. Afya zetu ni nzuri.

Ni mwaka tangu nivae lile joho, na serikali haiandiki mtu. Nimepeleka maombi kila mahali. Mwenzangu mmoja anauza bima, mwingine yuko hotelini anapanga vyakula vya watalii. Mimi nasaidia Madam Jepkoech bila mshahara.

Kuna kozi ya mwaka mmoja ya kunigeuza mwalimu. Nikipata karo nitaingia Januari. Mnaonaje? Nikiona Mama bado analima kwa jembe, moyo unaniambia niende.

Binti yenu,
Peris

*

Bumula,
16 Novemba 1996

Mwanangu,

Hapa tu salama, na kunde zimekubali vizuri sana. Mama yako anasema usimwonee huruma, mwenye kuhurumiwa ni jembe.

Wekoye huniuliza kila Jumapili, "Digrii ya chakula imekula nini?" Namjibu imekula ng'ombe wawili na bado iko na nafasi. Tunacheka, tunaenda nyumbani.

Kama moyo wako ndio unataka ualimu, nitatafuta karo. Kama ni kwa ajili ya ng'ombe, acha. Hawakuuzwa ili ulipe. Waliuzwa ili ujue, na umejua. Jipe mwaka mwingine. Ukiona giza, njoo nyumbani, ugali upo, na mboga sasa napika mimi.

Mimi baba yako,
Jairus

*

Kitale,
8 Juni 1997

Baba na Mama,

Habari za huko? Za huku hazikai ndani ya barua, lakini nitajaribu.

NIMEPATA KAZI! Sista Chepkemei, muuguzi mkuu wa zahanati ya kanisa kule upande wa mlima, alikuwa akileta watoto hospitalini na kuniona nikizungumza na mama zao. Wamepata mradi wa watoto. Alinijia akaniambia, "Wewe ndiye nataka, wengine wote wanawagombeza."

Mshahara umepungua kidogo kuliko wa kijana wa Wekoye. Nimesaini mkataba huku naimba. Blanketi hii ni ya Mama, koti ni lako.

Binti yenu,
Peris

*

Bumula,
22 Februari 1998

Mwanangu Peris,

Koti bado linanikaa vizuri. Mama yako hajambo, blanketi hataki hata niiguse.

Alhamisi nilikuja Kitale na lori la Wekoye kununua mbegu. Nikamwomba tupitie zahanati yenu. Usikasirike kwamba hukuniona. Uwanja ulikuwa umejaa akina mama, nawe umesimama mbele na sufuria, unaeleza jambo la maharagwe, wanacheka mpaka wengine wanafuta macho, na watoto wanakula. Wekoye alizima injini. Akashuka, mtu yule, akasogea asikie vizuri.

Nilitaka nikuite, nikaona nitakukatiza. Nilipokuwa nimesimama langoni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Mzee, na wewe umeleta mtoto?"

Nikamwambia, "Ndiyo, nilimleta. Ni yule anayefundisha."

Mimi baba yako,
Jairus Wepukhulu