Ng'ombe wa Mahari Yangu

Kerubo, naona aibu hata kukuandikia. Kaka Momanyi amemchezea kamari ng'ombe wa mahari yangu!

Wakwe walikuwa hapa wanakula. Mtu wa Ikonge akaingia na kamba: "Nimekuja kumchukua ng'ombe wangu. Momanyi aliweka dau kwamba timu yake itashinda, ikashindwa."

Kaka, kipa wa timu ya shamba la chai, analipwa kudaka mpira! Na kamari yenyewe D.C. ameikataza!

Baba mkwe akarudisha tonge la ugali wa wimbi sahanini. "Kumbe mahari yetu ni mpira?"

Mpira, Kerubo. Alisema mpira, mbele ya mama.

Ng'ombe alipotolewa nikamwambia kaka, "Huyo ndiye ng'ombe ambaye wewe ungeolea mke."

"Usilie, Nyanchera. Jumamosi tunacheza tena."

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama ndama aliyebaki.