Kifuniko cha Tangi la Kushoto

Kwa Bi Khairiya,
Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Jumapili, 8 Februari 1998

Mpendwa dada Mejumaa,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minane tangu nitoke Marafa. Nimehesabu kwenye kalenda ya Bi Khairiya, mama mwenye nyumba ninayopanga, usije ukaniambia nimesahau. Hujambo, dada? Watoto wote hawajambo? Kifua cha mama kimepata nafuu baada ya zile mvua? Mimi ni mzima, ila mgongo unaniuma kwa kusukuma ndege, na mikono inanuka petroli hata wakati wa kula.

Najua binamu yetu Dzoro, alipopita hapa wiki iliyopita akija huko, amekuambia kwamba nafukuzwa kazi. Hakusema uongo, ilikuwa karibu. Lakini yeye alitoka mapema. Yaliyofuata yasikie kwangu mwenyewe.

Kazi yangu pale uwanjani unaijua. Naosha ndege ndogo za kampuni, natia mafuta, na kila ndege ikitua napanda kwenye bawa, nafungua vifuniko vya matangi na kupima kwa kijiti mafuta yaliyobaki. Mwezi uliopita ndege moja ya injini moja, inayobeba abiria watano, ilianza maradhi. Ina matangi mawili, moja kila bawa. Ikila mafuta ya tangi la kulia, salama. Ikila ya kushoto, baada ya nusu saa angani presha ya mafuta inashuka, mshale unazama kwenye mita, injini inaanza kukohoa. Siku moja ilikohoa juu ya bahari na abiria wamo ndani. Rubani, Kepteni Levi, akahamia upesi tangi la kulia, wakafika.

Safari za abiria zikasimamishwa. Fundi wetu ni Zaid, mtu wa hapahapa Mji wa Kale, ukoo wao ulitoka Arabuni zamani, na ndege anazijua. Alibadilisha chujio, akabadilisha pampu ya injini, kisha na ile ya umeme. Kila mara Kepteni aliirusha peke yake kuijaribu, presha ikashuka vilevile. Lakini ikishatua, fundi akiiwasha chini, mshale hautikisiki. Siku kumi hivyo. Mwisho tajiri, mwenye kampuni, akasema basi mafuta ya kushoto ni machafu, na anayetia mafuta ni mtu mmoja. Akanipa mpaka Jumamosi, kisha niondoke.

Dada, kufukuzwa kwa sababu ile si kufukuzwa tu. Ningeitwa aliyetaka kuua watu. Hakuna mwenye ndege angenipa tena hata kazi ya kufagia.

Juzi Ijumaa asubuhi, kabla sijaenda kazini, Bi Khairiya aliniomba nimfungulie debe la mafuta ya kupikia. Yeye hukaanga viazi karai, na jioni huviuza kule Mama Ngina, kando ya bahari. Nikatoboa tundu moja kwa msumari, nikainamisha debe. Mafuta yakatoka kidogo, yakakwama, yakatoka tena kwa kukohoa.

"We Tsuma, kule shule mpaka la sita ulifundishwa nini?" akanicheka. "Toboa na la pili huku juu! Yatatokaje na hewa haina pa kuingilia?"

Nikatoboa, yakamiminika. Nikabaki nimesimama na msumari mkononi. Kwa sababu kifuniko cha tangi la kushoto, kila nikikifungua ndege ikitua, kilikuwa kigumu, na kikiachia kinavuta pumzi: fyuuu! Cha kulia hakifanyi hivyo. Nilikisikia siku zote zile na sikumwambia mtu. Nilidhani ndivyo kilivyo.

Nilipofika nikamweleza Zaid. Akaweka spana chini.

"Na unakifungua kabla sijaiwasha?"

"Kila siku, fundi."

"Bwana wee! Kumbe wewe wamtibu mgonjwa kabla daktari hajamwona!"

Kepteni akairusha tena. Ilipotua nikatia mikono mfukoni, nisiguse kitu. Zaid akaiacha injini ikinguruma kwa mafuta ya kushoto, kifuniko kimefungwa. Mshale ukazama mbele ya macho yetu. Akaizima, akafungua kifuniko mwenyewe, sikio karibu: fyuuu. Akaiwasha upya, mshale ukasimama sawasawa. Basi akalala chini ya bawa. Pale pana kibomba chembamba cha kuingizia hewa kwenye tangi. Akakichokoa kwa waya, ukaanguka udongo mkavu na buibui wadogo waliokufa. Kumbe ni kazi ya yule mdudu kama nyigu, anayejenga kwa tope kwenye boriti zetu na kuwawekea wanawe buibui wa kula. Wakati wa mvua ndege ilikaa nje wiki tatu, naye akajipatia nyumba.

Kepteni Levi akaniambia, "Wewe uliyeugundua ugonjwa, panda twende." Tukazunguka saa nzima kwa tangi la kushoto. Nimeruka juu ya Mombasa yote, dada, na sikuiona. Nilikuwa nautazama mshale. Haukushuka hata unywele.

Jana tajiri alikuja. Hakuniomba radhi. Lakini Zaid alimwambia mbele ya wote, "Mimi nimebadilisha pampu mbili bure. Aliyeiponya ni huyu." Kuanzia Machi mimi ni msaidizi wa fundi, na nitafundishwa kushika spana.

Nisalimie mama, umwambie nimeruka. Nisalimie mjomba Kiti, shangazi Naomi na watoto mmoja mmoja. Dzoro naye msalimie, na umwombe aisambaze habari hii kwa mbio zilezile alizoisambazia ile ya kwanza. Mungu awalinde nyote na ajaze ghala zenu.

Likizo nimepewa ya Pasaka. Nitafika Jumamosi, tarehe 11 Aprili. Kama ningefukuzwa ungeniona wiki hii hii, usiku, nikipita nyuma ya nyumba. Sasa ningoje miezi miwili. Nitashuka mchana, na nitapita katikati ya soko.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Tsuma