Mwalimu Shika, Darasa Lako Limeshinda

Tumeshinda, Mama! Haki ya nani tumeshinda, na mkaguzi mwenyewe kapiga makofi!

Ngoja nivute pumzi. Mwaka umetimia tangu utuage, na Baba kanituma niandike kumbukumbu ya heshima. Heshima itaanza nikishakwambia haya.

Wewe hukuandika neno ubaoni kabla watoto hawajalishika. "Shika kwanza, andika baadaye," ndiyo maana darasa la kwanza zima lilikuita Mwalimu Shika. Kufuli, kifungo, kamba. Kwa neno "chachu" uliwalambisha limau, wakakunja sura, ndipo wakachukua penseli. Nyumbani tukiuliza kifuniko cha sufuria kiko wapi, unajibu bila haya, "Kipo shuleni, kinafundisha."

Nilipotoka chuoni nikapewa darasa lako. Mwalimu mkuu akanionya, "Binti, mkaguzi asiporidhika, tunarudi kwenye maneno ya kitabuni." Nami nikashikilia njia yako, Mama!

Jana mkaguzi kaja. Kafungua kitabu. "Andikeni: tembo."

Hakuna penseli iliyosogea. Kisha kabinti kamoja kenye pengo la meno kakasimama. "Samahani, babu, yuko wapi tumshike?"

Mwalimu mkuu akanikazia macho. Nikajua tumekwisha. Lakini mkaguzi akavua miwani yake, akawapa. Ikazunguka dawati kwa dawati, ikarudi imejaa alama za vidole, na wote wakaandika "miwani", hata bingwa wetu wa usingizi. Ndiyo kwanza naanza kutabasamu, sauti ikatoka nyuma: "Na kitambi je?"

Niliomba ardhi ipasuke! Mkaguzi akacheka mpaka akashikilia meza, halafu akapita katikati ya madawati, watoto wakimgusa kwa kidole kimoja kimoja, kwa adabu zote. Wakaandika. Hakukosea hata mmoja.

"Haya," akasema, "tembo sikuja naye. Mtanikopesha?"

Wakamwandikia tembo wake, kwa huruma tu, bila kumshika!

Akapiga makofi, kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Darasa hili lisibadilishwe. Na la pili waanze hivihivi." Mama, njia yako imebaki! Nililia mbele ya watoto, wakanipa kitambaa cha kufutia ubao nijifute, nikarudi nyumbani na chaki mpaka masikioni.

Wanaokukumbuka ni Baba, aliyesimama nyuma yangu akinung'unika, "Hii ni kumbukumbu, mwanangu, si simu," ila machozi yanamtoka kwa kicheko. Kaka yangu na wifi. Shangazi, anayedai kifuniko chake mpaka leo. Wajukuu zako, na walimu wenzako wote. Hutatutoka moyoni, Mama, hata siku moja.

Na hujasikia bado mwalimu mkuu kaleta nini darasani leo asubuhi, kina mkonga na kimebebwa na watu wawili! Baba ananinyang'anya kalamu. Kesho tunakuja kaburini, nitakumalizia.