Mradi Havunji Sheria

Misigiri, Novemba 1974

Kaka Antipasi,

Shikamoo. Mvua bado, ila mbuzi amezaa pacha.

Operesheni Vijiji imetufikia: tumehamishiwa kijiji kipya na tembe letu limebomolewa. Kaburi la mwanangu Gabrieli limebaki kule kando ya zizi, pale alipokuwa akiwapa ndama majina ya walimu wake.

Nilimwomba katibu wa kijiji aniache nirudi kuishi kule. Nikamkumbusha tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kwamba kila raia ana haki ya kukaa anapopenda.

"Umesoma vizuri, mama, ila hukumaliza sentensi. Mradi havunji sheria."

"Sheria inasemaje?"

"Kila mtu akae kijijini."

Nikamshukuru, nikarudi kuchota maji.

Wewe ni dereva, kaka, unaruhusiwa kwenda kokote; ukipita kule ung'oe magugu kaburini. Mwambie Gabrieli kwamba mama yake anayo haki ya kuja, mradi havunji sheria.

Mdogo wako,
Felista